Kalamu Nyekundu: "Hii si makala, ni tasnifu iliyokatwa"

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani kwangu, Makorora, Tanga, kati ya mvua na mvua. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilifundisha isimu chuoni kwa miaka 29, na kwa 14 kati ya hiyo nilikuwa mhariri wa jarida la kitaaluma. Mwenyewe nimestaafu, kalamu nyekundu imekataa. Majina ya walioandika nimeyaficha, kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza uzamili mwaka jana. Tasnifu yangu ya kurasa 142 ilihusu maandishi ya nyuma ya bajaji hapa Mbeya. Niliipunguza hadi kurasa 40 nikaituma kwenye jarida. Wiki ya pili ikarudi na mstari mmoja tu: "Hii si makala, ni tasnifu iliyokatwa." Hata kwa wahakiki, wale wasomi wanaoipima makala kabla haijachapishwa, haikufika. Naambatisha aya ya kwanza na tasnifu yenyewe. Nimekosea wapi? (Mhitimu, Mbeya)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mhariri ana ulimi mkali, lakini ugonjwa ameujua.

Tasnifu uliwaandikia watahini. Wale ni wajibu wao kuisoma mpaka mwisho, na wewe ulikuwa unawathibitishia kwamba umesoma, unaijua nadharia na umekwenda uwandani kweli. Ndiyo maana ina sura nzima ya kazi tangulizi, na nyingine nzima ya kueleza nadharia ambayo watahini wenyewe ndio waliokufundisha. Msomaji wa jarida hakudai uthibitisho huo. Yuko ndani ya daladala, simu mkononi, anataka kujua umeona kitu gani ambacho yeye hajakiona. Ukimpa kurasa tisa za kazi tangulizi kwanza, atashuka kituo kinachofuata.

Sasa aya yako. Nainakili ilivyo:

"Lugha ni chombo muhimu sana cha mawasiliano katika jamii yoyote ile duniani. Tangu enzi na enzi, binadamu amekuwa akitumia lugha katika kuweza kuwasiliana na wenzake. Hivyo basi, utafiti huu ulilenga katika kuchunguza suala zima la matumizi ya lugha katika maandishi ya bajaji ambayo yanapatikana katika Jiji la Mbeya."

Ofisini kwangu nilikuwa na rundo kando ya dirisha. Hapo niliziweka makala zinazoanza kwa "lugha ni chombo cha mawasiliano", na dada zake "lugha ni mfumo wa sauti nasibu" na "fasihi ni kioo cha jamii". Lilikuwa rundo refu kuliko yote, na siku moja liliangukia birika la chai.

Sentensi zako mbili za kwanza zifute. Hakuna anayebisha kwamba watu huongea. Ya tatu ndiyo yenye mwili, ila imevishwa makoti mengi. "Ulilenga katika kuchunguza" maana yake ni "ulichunguza". "Suala zima la": je, liko suala nusu? "Kuweza" katika "kuweza kuwasiliana" haina kazi, imekaa tu kama mgeni aliyesahau kuaga. Na hiyo "ambayo yanapatikana katika" ni "ya". Kama ni lazima kurejesha, kitenzi chetu kina o-rejeshi tumboni, hiyo "-yo-" ya "yanayopatikana". "Amba-" iachie pale kitenzi kinapokataa kuibeba hiyo o-rejeshi, kama katika "maandishi ambayo yamefutika". Kusema "maandishi yamefutikayo" huwezi, lakini "yanayofutika" unaweza. Pita makala nzima kwa jicho hilo moja tu, utapunguza ukurasa mzima bila kugusa hoja hata moja.

Lakini lugha si tatizo lako kubwa. Tatizo lako kubwa liko ukurasa wa 97. (Ndiyo, nimeisoma yote. Faili lako limeijaza simu yangu, picha za harusi ya mjukuu zimekosa pa kukaa.) Ukurasa wa 97 unasimulia kwamba kijiweni Kabwe dereva mmoja aliandika "WIVU WAKO", na wiki iliyofuata anayepaki nyuma yake akaandika "MTAJI WANGU". Halafu dereva mwingine akakwambia kwamba abiria hawawahusu, wao wanaandikiana wenyewe. Mwanangu! Hiyo ndiyo makala, na umeifukia chini ya kurasa 96. Jarida hawakuiona kwa sababu katika zile 40 ulizotuma iko ukurasa wa 31, baada ya jedwali la umri wa wahojiwa.

Ningekuwa wewe ningeanza hivi:

"Maandishi ya nyuma ya bajaji husomwa na kila mpita njia, lakini si kila mara huandikwa kwa ajili yake. Makala hii inaonesha kwamba katika vijiwe vya Jiji la Mbeya madereva huyatumia kujibizana wao kwa wao, na kwamba andiko moja halieleweki bila kulijua andiko lililolitangulia. Kwa hiyo kuyachambua moja moja, kama yalivyozoeleka kuchambuliwa, ni kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo."

Msomaji anayejua majibizano ya kanga atainua kichwa hapo hapo. Usimweleze kanga ni nini.

Namna ya kufika huko: tasnifu ifunge kabisa. Usiikate, ifunge. Chukua karatasi tupu ukamilishe sentensi hii kwa mkono: "Waliotangulia wamedhani kwamba..., lakini mimi nimeona kwamba..." Ikikushinda, makala haijaiva, rudi kwenye data. Ikitoka, kila aya utakayoandika iulize: unaisaidia sentensi ile? Isiyosaidia irudi kwenye tasnifu, huko ina kwao. Jarida likitaka maneno 6,000, mimi hutoa 600 kwa utangulizi, 900 kwa kazi tangulizi, 700 kwa mbinu, na yote yaliyobaki, ukiacha aya mbili za hitimisho, ni ya matokeo na mjadala. Ikisiri, ule muhtasari unaokaa mwanzoni mwa makala, iandikwe mwisho, na matokeo yawemo. Ikisiri inayosema "matokeo yatajadiliwa" ni sawa na muuza samaki anayekuficha samaki.

Nyakati nazo: ulichofanya uwandani ni "-li-" (nilihoji, nilipiga picha); unachodai kuwa kweli ni "-na-" au "hu-" (madereva hujibizana). Makala yako imevaa "-li-" mwanzo hadi mwisho, ikafanya hata hoja zionekane zimekufa.

Kabla ya kutuma tena, soma matoleo mawili matatu ya jarida unalolitaka. Kwa kazi kama yako yapo Mulika na Kiswahili ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kioo cha Lugha papo hapo, Mwanga wa Lugha ya Chuo Kikuu cha Moi, na Swahili Forum ya Ujerumani, iliyoanza 1994 na inayosomeka bure mtandaoni. Jarida la Kiswahili mizizi yake inafika kwenye ile Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930. Jarida la umri huo halikosi mtu aliyekutangulia kwenye jambo la jirani na lako. Mtafute umtaje, wahariri hupenda kuona mgeni kapiga hodi.

SWALI: Habari Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi Eldoret. Nilipata barua pepe ikiniita "Profesa Mtukufu" na kuniomba makala. Nikatuma. Baada ya siku tatu wakasema imekubaliwa bila marekebisho, nilipe dola 150. Wana ISSN na "kipimo cha athari" cha 6.8. Mwenzangu ananiambia ni matapeli, lakini nahitaji machapisho ili nipande cheo. Nilipe? (Mhadhiri, Eldoret)

JIBU: Usilipe. Na usijione mjinga. Mimi mwenyewe niliwahi kulikuta jina langu kwenye bodi ya wahariri ya jarida nisilolijua, la uhandisi wa umeme. Mimi, ambaye fyuzi ikikatika nyumbani namwita kijana wa jirani. Niliwaandikia mara nne ndipo wakanitoa.

Siku tatu hazitoshi hata kumpata mhakiki aliye tayari, sembuse kusoma. Jarida la kweli likienda mbio sana ni miezi, na kimya chake kirefu ni mateso ya halali. ISSN haithibitishi lolote: ni namba ya kulitambulisha chapisho, kama namba ya gari, na gari bovu nalo lina namba. Kipimo cha athari ni namba ya kuonesha makala za jarida hunukuliwa kiasi gani. Kile kinachojulikana kwa jina hilo, wazo lake lilitoka kwa Eugene Garfield wa Marekani, na leo kinatolewa na kampuni moja, Clarivate. Vingine vingi vyenye majina ya kufanana hununuliwa tu.

Ila tuelewane: kutoza ada si utapeli kwa yenyewe. Yako majarida ya heshima yanayosomeka bure duniani kote kwa sababu mwandishi au mfadhili wake amelipa, na mengi humsamehe ada mwandishi wa nchi maskini akiomba kabla ya kutuma. Tofauti iko kwenye uhakiki. Mkutubi mmoja wa Chuo Kikuu cha Colorado pale Denver, Jeffrey Beall, ndiye aliyeyapa majarida yanayotoza bila kuhakiki jina la "majarida windaji", akatunza orodha yake hadi Januari 2017 alipoiondoa mtandaoni. Wengine walimlaumu kwamba alikuwa mwepesi wa kushuku majarida ya nchi zetu, na lawama hiyo haikukosa chembe ya haki. Siku hizi mimi huenda upande wa pili, naangalia nani ameruhusiwa kuingia badala ya nani amefukuzwa. Kwa majarida ya Afrika iko tovuti ya AJOL (African Journals Online), tangu 1998. Kwa yanayosomeka bure popote iko orodha ya DOAJ (Directory of Open Access Journals), iliyoanzia Lund, Sweden, 2003. Jarida likikosekana humo halihukumiwi moja kwa moja, lakini litakuwa na maswali ya kujibu. Kisha fungua makala tatu walizokwisha kutoa uzisome. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho. Ukikuta makala ya ufugaji wa kuku imekaa kati ya mbili za sheria ya mikataba, funga.

Lako la sasa: waandikie leo kwamba unaiondoa makala, na kwamba hukutia saini yoyote ya hakimiliki (kama kweli hukutia). Hifadhi nakala. Wakidai ada ya kuiondoa, usilipe hiyo pia. Usiitume kwingine kabla ya kuwaandikia, maana makala moja kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa lako, hata kama moja ni la matapeli. Wakiitoa kwa nguvu, mweleze mhariri wa jarida jipya mapema, kwa maandishi, ukiambatisha barua zako.

Na cheo? Kamati za kupandisha vyeo nimekaa. Siku hizi kuna mtu anayefungua tovuti.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, nimesoma shahada ya uzamili nikiwa kazini. Nimeandika makala kutokana na utafiti wangu. Msimamizi anataka jina lake liwe la kwanza, na mkuu wa idara, ambaye hajaisoma, naye awekwe "kwa heshima". Nifanyeje bila kuonekana mtovu wa adabu? (Muuguzi, Mtwara)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Bahati yako ni kwamba uko kwenye tiba, na wenzenu huko hawakuliacha jambo hili kwenye heshima. Wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver, Kanada, 1978, wana kanuni ambazo majarida mengi ya fani yenu huzifuata. Mwandishi ni yule aliyetimiza mambo manne, yote: amechangia kwa uzito wazo, data au uchambuzi; ameandika rasimu au ameirekebisha kwa maana; ameridhia toleo la mwisho; na amekubali kuwajibika likitokea swali. Kutafuta fedha tu, au kuwa mkubwa wa idara tu, hakumfanyi mtu mwandishi. Huyo hushukuriwa mwishoni, kwa jina na kwa alichofanya.

Msimamizi wako huenda anastahili kuwemo, kama alikuongoza na kuisahihisha rasimu. Kuwa wa kwanza ni jambo jingine. Kwenye makala iliyotoka kwenye tasnifu, desturi ni mwanafunzi kutangulia.

Namna ya kulisema: usiende na kanuni mkononi kama hati ya mashtaka. Nenda na fomu. Majarida mengi huwa na fomu ya kueleza kila mwandishi amefanya nini. Mwambie: "Profesa, jarida linataka tujaze mchango wa kila mmoja, naomba unisaidie nimjazie mkuu wa idara nini?" Kisha nyamaza. Nimemwona mzee mmoja akiishika fomu hiyo dakika nzima, akasema, "Basi mweke kwenye shukrani." Suala la jina la kwanza nalo mara nyingi huamuliwa na fomu hiyo hiyo. Ikishindikana, mwone mratibu wa uzamili kabla ya kutuma, si baada. Na safari ijayo tuma ujumbe wa makubaliano ya majina siku ya kuanza utafiti, watu wakiwa bado wanacheka.

SWALI: Nina majina matatu kwenye cheti. Makala moja imenitaja kwa la babu, nyingine kwa la baba, ya tatu kwa langu. Mtandaoni naonekana watu watatu. (Unguja)

JIBU: Sisi hatuna jina la ukoo kwa namna wanayoitaka wao, hiyo ndiyo asili ya mkanganyiko. Chagua moja la kuwa la mwisho, ulitumie hivyo hivyo hadi ustaafu. Jisajili ORCID, mfumo wa kuwapa watafiti namba za utambulisho; ni bure, ulianza 2012. Utapewa tarakimu 16 zitakazowaunganisha hao watu wako watatu.

SWALI: Je, ni vibaya kutumia akili mnemba kuandika makala? (Dar es Salaam)

JIBU: Kusahihishiwa herufi si vibaya, ilimradi useme pale jarida linapotaka useme. Kuiweka kama mwandishi huwezi: COPE, kamati inayosimamia maadili ya uchapishaji, ilitamka 2023 kwamba chombo hicho hakiwezi kuwa mwandishi kwa kuwa hakiwezi kuwajibika. Hofu yangu ni marejeleo. Mwaka jana rafiki aliniletea makala ya kuhakiki, nikaona nimenukuliwa humo, jina langu, mwaka, kichwa kizuri kuhusu ngeli, kurasa 45 hadi 61. Sijawahi kuiandika makala hiyo. Nilisikitika kidogo, kichwa kile kilinivutia. Kila rejeleo uwe umelishika kwa mkono wako.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Makala yangu ya msamiati wa wavuvi wa Pemba imerudi na "marekebisho makubwa". Mhakiki wa kwanza anasema niongeze nadharia. Wa pili anasema nadharia imezidi, na kwamba maelezo ya bamvua na maji mafu (siku za maji kujaa sana na siku za maji kujaa kidogo) ni marefu, niyafupishe. Nimekaa nayo wiki tatu siwezi kuifungua. Niiache? (Chake Chake)

JIBU: Marahaba. Umekaa nayo wiki tatu? Mimi ya kwanza kurudishwa niliiweka chini ya godoro miezi minane. Ilikuwa ya viambishi, nimeipiga kwa taipureta, na mhakiki alikuwa ameandika pembeni "kwa nini?" mara kumi na saba. Nilizihesabu. Nilipoitoa nikakuta kumi na nne kati ya hizo zilikuwa na haki.

"Marekebisho makubwa" si kukataliwa. Mhariri aliyetaka kukukataa angekukataa, ana rundo. Amekupa mlango.

Wahakiki kupingana ni kawaida, na hupaswi kuwaridhisha wote wawili. Unayemjibu ni mhariri. Chora jedwali la safu tatu: walichosema, ulichofanya, ukurasa. Kila hoja iwe na mstari wake, hata ile ya nukta na mkato. Usiruke hata moja. Inayorukwa ndiyo mhariri huiona kwanza. Usiyokubaliana nayo andika kwa upole na sababu: "Namshukuru mhakiki. Nimeibakiza sehemu hii kwa kuwa..." Maneno "mhakiki hakuelewa" yasionekane popote. Kama hakuelewa, uwezekano mkubwa ni kwamba hukueleza, na hata kama ulieleza, jifanye hukueleza.

Kwa nadharia, wote wawili wanalalamikia kitu kimoja, soma tena. Umeieleza kwa kurasa nne, kisha ukaisahau hadi hitimisho. Wa kwanza ameikosa kwenye uchambuzi, wa pili ameichoka kwenye utangulizi. Ipunguze mbele ibaki ukurasa mmoja, na hicho ulichopunguza kifanyie kazi ndani, kila unapofika kwenye jina la upepo au la maji. Mwandikie mhariri kwamba ndivyo ulivyowasuluhisha.

Ukiona muda waliokupa hautoshi, omba siku za nyongeza sasa, usingoje siku ya mwisho. Mhariri humpa anayeomba, humsahau anayepotea.

Maji mafu usiyafupishe. Ule ukurasa wa saba, mzee anapoeleza kwa nini siku hizo nyavu hazitupwi na watu hukaa kuzishona, ndio uliobeba makala nzima. Mjibu mhakiki wa pili kwa adabu zote, kisha uache ulivyo. Huyo hajavua samaki.